Herufi Kubwa za Karani

Hakuna mtu wa Kenyamonta aliyewahi kuona herufi ndogo ikitoka mikononi mwa Scholastica. Masista waliomfundisha kupiga chapa, enzi za usichana wake, walikuwa na mashine moja tu, nayo ilikwama kwenye herufi kubwa na hakuna fundi aliyeweza kuikwamua. Wasichana kumi na wawili wakahitimu hivyo hivyo. Kumi na mmoja walikwenda kuolewa wakasahau. Yeye alipata ukarani kwenye ushirika wa wafugaji, na huko akakuta kazi inayoupenda mkono wake: kutunza daftari la chapa za ng'ombe. Chuma cha moto hakijui herufi ndogo. Barua inapigwa chapa, ng'ombe anapigwa chapa, neno ni hilo hilo moja, na Scholastica hakuona kwa nini mkono wake uwe na tabia mbili. Kwa miaka ishirini na sita kila barua, kila tangazo na kila kadi ya mwanachama iliyotoka pale ofisini ilikuwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho. Watu wakazoea, wakamwita Karani, na jina la ubatizo likabaki kanisani.

Mwaka jana mtambo ukaja. Aliuleta fundi mmoja wa kampuni ya Mwanza, Vedasto, mtu wa shati lililonyooka na maneno mengi. Akaiweka kompyuta ya kutunzia kumbukumbu ndani ya kabati la chuma katika chumba cha Karani pale ofisini, akaiunganisha na mtandao, akahamishia humo daftari zima la mazizi: zizi la nani, ng'ombe wangapi, chapa gani, wachungaji wangapi, wanakwenda josho siku gani na wanapita njia ipi. Nia ilikuwa njema. Josho lisifurike, na daktari wa mifugo ajue wapi pa kwenda. Lakini katika nchi hii, ambako mtu huulizwa habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto, kila mwenye akili alijua kwamba kuandika mambo hayo mahali pamoja ni kumwekea mwizi chakula mezani. Vedasto akawatoa hofu. Orodha imefungwa kwa neno la siri, alisema, na neno hilo wanalo watu watatu tu: Mwenyekiti Mzee Gidion, Katibu, na Karani.

Scholastica aliandikiwa neno lake kwenye kikaratasi. Akakikunja, akakiweka ndani ya Biblia, na hakukigusa tena, kwa sababu hakukihitaji. Kila asubuhi alibonyeza kitufe cha herufi kubwa, akaandika anwani yote kwa vidole vyake mpaka neno la mwisho, MAZIZI, na orodha ikafunguka mbele yake. Mashine haikumuuliza kitu. Yeye akadhani imemzoea. Nani asingedhani hivyo? Hata mbwa wa ofisini alishaacha kumbwekea.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa saba, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka na watu wakiwa mashambani, ng'ombe wa Boke walichukuliwa njiani wakienda josho.

Boke alikuwa mjane, jirani wa Scholastica na rika lake; walitahiriwa masikio ya shule pamoja, kama walivyopenda kutaniana, maana mwalimu mmoja aliwavuta masikio wote wawili siku moja. Ng'ombe wake walichungwa na mzee mmoja mwenye mguu mbovu. Wezi walimfunga mzee yule kwa shuka lake mwenyewe, wakahesabu ng'ombe, wakarudia kuhesabu, kisha wakamuuliza: hawa ni kumi na wanne, wa kumi na tano yuko wapi? Wa kumi na tano alikuwa nyumbani na ndama wa jana yake. Mzee alipofunguliwa akasimulia hivyo hivyo, na hapo ndipo kila mtu alipojua. Wezi hawakubahatisha. Walikuwa na orodha.

Mzee Gidion akaita kikao. Vedasto alisikika kutoka Mwanza, simu ikiwa mezani imeongezwa sauti, akaapa kwamba mfumo umefungwa imara. Kama orodha imetoka, basi imetoka kwa mwenye neno la siri. Watu watatu. Wawili ni wakubwa wa ushirika, kila mmoja na mazizi yake. Macho yakageuka kwa wa tatu.

Scholastica akasema ukweli, na ukweli ndio uliommaliza. Alisema hajawahi kulitumia neno hilo, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Katibu akacheka. Vedasto naye akacheka huko Mwanza. Mzee Gidion hakucheka. Alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeanza kuyumba, na hilo lilimuuma zaidi ya kicheko.

Kesho yake alikutana na Boke njiani. Boke alipita na ndoo yake bila kumsalimu. Scholastica alisimama pale barabarani, akasikia aibu isiyo yake ikimpanda shingoni, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na hasira ikakaa.

Jumatano Mwenyekiti akamwita. Jumamosi kungekuwa na iritongo, mkutano wa wakazi wote, ambapo watu wangemtaja aliyewapa wezi njia. Scholastica alijua vizuri maana yake. Siku hizi anayetajwa hapigwi. Anaachwa tu. Hapewi moto wala maji, mlangoni pake hakubishwi hodi, na akifa hakuna wa kumchimbia kaburi. Kwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, aliyezaliwa hapo na kuzeeka hapo, hiyo ni kuzikwa akiwa anatembea. Mzee Gidion alikuwa ameandika barua kwa mkono, nusu ukurasa. Ilisema kwamba mimi Karani nilitoa neno la siri kwa uzembe, naomba radhi. Alitaka Scholastica aipige chapa yeye mwenyewe, aisaini, aisome mbele ya watu, kisha aende nyumbani akapumzike.

“Hii maneno iishe, Karani,” alisema, na kwa haki yake, alisema kwa upole. “Watu watakuonea huruma.”

“Huruma ya kosa gani, Mzee?”

Mzee Gidion akasema kosa liko pale kwenye karatasi, asome. Scholastica akaichukua karatasi, akaaga kwa adabu zote, akaenda kukaa mbele ya mashine yake. Miaka ishirini na sita alikuwa amepiga chapa kila alichoagizwa, hata barua za watu kuachana, hata matangazo ya vifo vya ndugu zake mwenyewe. Siku hiyo vidole vilikataa. Aliikunja karatasi akaifutika kwenye khanga.

Ijumaa asubuhi alipanda gari la Tarime. Huko, mtaa wa Nyamisangura, kulikuwa na duka la Ashrafu, ambako ushirika ulinunua karatasi na wino. Babu yake Ashrafu alikuja Tarime na mitumba ya nguo kutoka Tanga, yeye akageukia kompyuta. Alizitengeneza hapo hapo dukani, kati ya madaftari ya shule na kalamu. Scholastica hakuzunguka. Alimwomba afungue orodha ya mazizi kwenye mashine yake, amwoneshe hilo neno la siri huwa linaulizwa wapi.

Ashrafu akaandika anwani kama watu wengine wanavyoandika, kwa herufi ndogo. Kikatokea kisanduku cheupe kinachodai neno la siri.

“Hiki sijawahi kukiona,” Scholastica alisema.

Akaomba kiti. Akabonyeza kitufe chake cha herufi kubwa, akaandika anwani ile ile kwa vidole viwili, mpaka MAZIZI. Orodha ikafunguka yote, na zizi la Boke likiwa pale pale na ng'ombe wake kumi na tano. Mbele ya rafu ya madaftari ya shule, kwenye mashine ambayo haijawahi kumwona! Kumbe haikumzoea. Ilikuwa inamfungulia kila mtu. Akamwambia Ashrafu afunge upesi, na Ashrafu akafunga kisha akageuza kioo cha mashine kikatazama ukuta kabisa.

Alieleza taratibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. “Mama, mlinzi wa mlangoni kaambiwa amzuie anayeitwa mazizi kwa herufi ndogo. Ukija kwa herufi kubwa anaona ni mtu mwingine, anakupisha. Lakini huko ndani kabati ni moja, nalo halijali herufi. Ukisema MAZIZI linakupa mazizi.” Akaongeza kwamba tatizo la namna hiyo linajulikana, kuziba ni kazi ya dakika chache, ila lazima azibe aliyeujenga mlango.

Moyo wa Scholastica uliruka kwa furaha, ukatua vibaya. Alikuwa amekumbuka tangazo.

Mwezi wa tatu alipiga chapa tangazo la wanachama na kulibandika kwenye ukuta wa josho. WANACHAMA TAZAMENI TAARIFA ZENU HAPA, lilisema, na chini yake anwani yote, neno kwa neno, kwa herufi kubwa. Wenye simu zao waliona kisanduku cha neno la siri, wakauliza, wakaambiwa waje ofisini. Hao walikuwa wale walioiandika kwa herufi ndogo, kama walivyozoea. Lakini yeyote aliyenakili kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, aliingia moja kwa moja. Miezi minne ufunguo umebandikwa ukutani, na mkono ulioubandika ulikuwa wake.

Ashrafu alimwona amekaa chini, akamletea maji. Aliposikia habari ya tangazo akatazama pembeni, kisha akamshauri kama mtu anayemtakia mema: aende akaseme ubovu wa mtambo, hilo la tangazo alimeze. Nani atakumbuka karatasi ya josho?

“Nikilimeza,” Scholastica alisema, “nitakuwa nimeisaini ile barua yao kwa upande wa nyuma.”

Wakampigia Vedasto. Vedasto alisikiliza nusu, akasema wiki imekwisha, ataangalia Jumatatu, na kwamba mtu anayeeneza maneno kuhusu mfumo wa kampuni atakutana na wanasheria. Scholastica akamkumbusha kwamba Jumamosi na Jumapili ng'ombe nao wana miguu. Simu ikakatwa. Hapo hasira yake ikapata kazi ya kufanya. Kabla jua halijatua alikuwa Kenyamonta. Alibandua tangazo kwenye ukuta wa josho, kipande kwa kipande, kwa kucha, kisha akaenda ofisini, akafungua kabati la chuma, akauchomoa waya wa umeme, akautia kikapuni chini ya dagaa. Hakumwomba mtu ruhusa.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya ushirika, wengine wamekaa kwenye magogo, wengine wamesimama na fimbo zao. Boke alikaa mbele. Ashrafu alifika na bodaboda, akaingia ofisini kwa ufunguo wa Karani na ule waya wa kikapuni, na watu wakanong'ona.

Mzee Gidion akafungua mkutano kwa kuuliza nani amezima mtambo wa wanachama tangu jana.

“Mimi,” Scholastica alisema.

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Kwa ng'ombe kumi na wanne wa Boke, Mzee. Hao wananitosha.”

Mwenyekiti akasema vema, sasa Karani atasoma barua yake. Scholastica akasimama. Mkono wa kulia alishika ile barua ya radhi, haijapigwa chapa. Mkono wa kushoto alishika vipande vya tangazo alivyoviunga kwa ugali kwenye gazeti.

“Hii sitaisoma,” alisema, akiinua wa kulia, “kwa sababu ni uongo. Neno la siri sikumpa mtu. Liko ndani ya Biblia yangu na halijawahi kutoka.” Akainua wa kushoto. “Hii nitaisoma, kwa sababu ni kweli. Mimi ndiye niliyewaandikia wezi njia ya kufika mlangoni, bila kujua, na nikaibandika josho mkaiona wote. Herufi ni zangu. Mlango mbovu si wangu. Msinibebeshe vyote viwili.”

Mzee mmoja, Simioni, akasema basi amekiri mwenyewe, mkutano umalizike. Scholastica akamjibu kwamba hajamaliza. Akaeleza kuwa Ashrafu amechomoa waya unaoleta mtandao wa nje na kuuwasha mtambo, kwa hiyo sasa hivi hakuna mtu wa mbali anayeweza kuingia. Ni simu moja tu itakayoruhusiwa, ya Mwenyekiti. Kwa nini ya Mwenyekiti? Kwa sababu hapo hakuna aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko yeye, na kwa sababu yeye ndiye aliyeandika barua.

Mzee Gidion angeweza kukataa. Lakini watu zaidi ya mia tatu walikuwa wanamtazama, na alikuwa mzee mwenye heshima yake. Akavaa miwani. Ashrafu akamuunganishia simu. Kwanza akaandika kwa herufi ndogo, akatangaza kwa ushindi kwamba kisanduku cha neno la siri hiki hapa, kimefunga. Vizuri, Scholastica akasema, sasa aandike kama lilivyo tangazo. Akamsomea herufi moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza: M kubwa. A kubwa. Z kubwa.

Kidole gumba cha Mwenyekiti kikasimama. Wote waliokaa karibu waliona uso wake ukibadilika.

Scholastica hakuhitaji kuchungulia. Alikuwa ameiandika orodha ile mwenyewe na aliijua kwa moyo. Alijua mzee anaangalia zizi lake la upande wa Manchira, ng'ombe sitini na wawili, wachungaji wawili, siku yao na njia yao ya kushukia bwawani.

“Tusomee unachokiona, Mwenyekiti.”

Mzee Gidion akasema haya si mambo ya kusoma mbele ya watu.

“Kama imefungwa imara unaogopa nini?”

Na hapo Boke akasimama, Boke aliyempita njiani kama gogo, akafunga khanga yake kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

“Wangu walisomwa, Mwenyekiti,” alisema. “Wote, mpaka yule aliyebaki nyumbani na ndama. Soma na wako.”

Mzee Gidion aliitazama simu, akawatazama watu, sura moja baada ya nyingine, na ilionekana wazi kwamba anajiuliza ni nani kati yao angeibeba habari ile mpaka ng'ambo ya pili, kwa wezi. Kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya paja lake na kuifunika kwa kiganja. Hakusoma. Hakuna mtu aliyedai ushahidi mwingine. Hata Simioni aliinamisha kichwa.

“Karani hakutoa neno la siri,” Mwenyekiti akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

Waliokuwa nyuma wakasema hawajasikia. Ikambidi asimame, arudie. Hakuomba radhi, na Scholastica hakuingoja. Aliichukua ile barua ya nusu ukurasa, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenye mwandiko. Hakutajwa mtu siku hiyo. Watu walipotawanyika Boke alimngoja kwenye njia, wakatembea pamoja mpaka penye miti miwili. Boke alisema kwamba tangazo lile bado linamuuma, na litamuuma mpaka aone ng'ombe wake. Scholastica akasema hata yeye linamuuma. Wakaendelea kutembea.

Jumatatu Vedasto akaja mwenyewe, bila wanasheria. Aliomba waya, maana Karani alikuwa ameuchomoa tena na kuuweka kikapuni. Scholastica alimpa, akavuta kiti, akakaa nyuma yake muda wote wa kazi kama mwanamke anayemsimamia mchinjaji. Haikuchukua hata nusu saa. Vedasto alifuta jasho, akasema sasa kila aina ya herufi itasimamishwa mlangoni. Kisha, akitazama kibodi, akamwomba Mama, tafadhali, kuanzia leo awe anatumia herufi ndogo kama watu wengine, itawapunguzia matatizo.

“Siku ng'ombe atakapopigwa chapa ya herufi ndogo, nitafute,” Scholastica alisema. “Toka hapo.”

Akakaa mahali pake. Akabonyeza kitufe chake, akaandika anwani yote kwa herufi kubwa mpaka MAZIZI. Kisanduku cheupe kikatokea, cha kwanza machoni pake kwenye mashine hiyo. Akafungua Biblia, akakunjua kikaratasi, akaliandika neno la siri polepole, kwa mkono wake ule ule wa siku zote. Vedasto alikuwa ameliandika kwa herufi ndogo.

Mashine ikamkataa. Ikamwambia neno si sahihi. Akajaribu tena, ikamkataa tena, yeye Karani wa miaka ishirini na sita, ofisini kwake, kwenye kiti chake.

Scholastica akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia Vedasto sasa anaweza kwenda zake Mwanza.